Mhusika wa Watu Wawili

Nyawira alikuwa na tabia ya kupima kitu kwa kukitafutia ubovu kwanza. Katika chuo cha ufundi alikofundisha kompyuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri, wanafunzi walimwita Mwalimu Vunja, maana kila programu waliyomletea aliivuruga mpaka ikwame, ndipo aseme kama ni nzuri. Kwa hiyo kundi lake la mchezo lilipoamua kutafuta programu ya kuundia wahusika, hakuna aliyeuliza kazi hiyo apewe nani.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuketi mezani na kubuni. Kila mchezaji anajitungia mtu, anampa jina, nguvu, silaha na udhaifu, kisha anasema na kutenda kama yeye. Mmoja wao, msimulizi, anawaeleza wamefika wapi na kuna nini mbele yao, na dadu zinaamua nani amefaulu na nani ameumbuka. Msimulizi alikuwa Nyawira. Walikutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la kina Zubair, majora yakiwa yamepangwa pande zote mpaka darini. Zubair alikuwa mchezaji, na Ngatia wa kiwanda cha kahawa naye alikuja akipata nafasi. Gathoni, ambaye ni muuguzi, aliwashinda wote kwa ujanja, lakini alikuwa amehamishiwa Nanyuki na sasa aliingia mchezoni kwa simu. Hapo ndipo karatasi za wahusika zilipogeuka balaa. Gathoni anabadilisha hiki kwake, Zubair anafuta kile hapa, na vita vikianza hakuna anayejua nani bado ana mshale na nani aliutumia wiki iliyopita.

"Tuko na programu tatu," Nyawira alisema Jumamosi hiyo, akifungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Leo tunachagua moja tumalize hii maneno."

Simu ya Zubair ilikuwa imeegemezwa kwenye jora la kitambaa cha sare za shule, na ndani yake uso wa Gathoni ukatikisa kichwa kukubali. Ngatia hakuwa amefika.

Programu ya kwanza ilikuwa chaguo la Zubair, na kwa macho ilikuwa tamu. Mhusika akizaliwa, joho lilipepea na taa zikamulika nyuma yake. Nyawira akaandika jina la mhusika wa Gathoni, mwindaji aliyeitwa Wang'ombe. Maandishi mekundu yakatokea yakisema kwamba jina lina alama isiyokubalika.

"Imekataa nini?" Gathoni aliuliza.

"Imekataa hiyo ng' yako."

"Ati imekataa jina ya babu yangu? Toa hiyo takataka."

"Si tuandike tu bila hiyo alama," Zubair alisema kwa upole, maana alikuwa ameshalipenda lile joho.

"Wangombe si mtu, Zubair. Huyo ni Wang'ombe akiitwa na mtu ako na homa," Gathoni akasema.

Ya pili haikuwa na madoido. Ilifanya kazi hata intaneti ikipotea, na hesabu zote ilizipiga yenyewe. Lakini kila mhusika waliyemtuma Nanyuki alifika kwenye simu ya Gathoni akiwa vijisanduku vitupu, safu kwa safu, kama wavu wa banda la kuku.

Ya tatu ilikuwa na rangi ya uji na maandishi madogo. Zubair aliitazama mara moja akaguna. Lakini ilikubali Wang'ombe na alama yake, ikafunguka kwenye simu ya Gathoni bila shida, na ilimruhusu mtu kutunga kabila lake mwenyewe badala ya kumlazimisha achague miongoni mwa yale yaliyotungwa na watu wa mbali. Pia ilikuwa na ghala, mahali ambapo wachezaji kutoka kokote waliwaacha wahusika wao ili wengine wawatazame au wawaazime.

"Hii hapa," Gathoni alisema. "Mimi nimechagua."

"Ngoja niivunje kwanza," Nyawira akajibu.

Alitaka kuona ghala linafanya nini mtu akitafuta kitu ambacho hakipo. Programu nyingi hukwama hapo. Alihitaji jina ambalo hakuna binadamu mwingine angeweza kulifikiria, na vidole vyake vikaandika lile alilolitumia siku zote kwa majaribio ya namna hiyo: Turutumbi.

Alama ya kusubiri ikazunguka kidogo. Kisha maneno yakatokea. Mhusika mmoja amepatikana.

"Imeharibika," Nyawira alisema, karibu kwa furaha, akabonyeza ili awaonyeshe.

Haikuwa imeharibika. Turutumbi alikuwa pale. Mlinzi wa mito. Silaha yake mwiko wa ugali. Anachechemea mguu wa kushoto, kwa sababu alianguka kutoka mti wa makadamia. Havuki mto kabla ya kuusalimia. Haogopi simba, haogopi radi. Anaogopa bata bukini.

Nyawira aliondoa mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Alisoma tena tangu mwanzo. Zubair alipomwita hakumsikia mpaka alipomgusa bega.

"Nyawira. Nini mbaya?"

"Huyu ni wetu," alisema. "Mimi na Kingori."

Zubair alimjua Kingori kwa jina tu, ndugu yake Nyawira aliyekufa.

Turutumbi hakutoka kitabuni wala kwenye hadithi za bibi. Alitungwa katika shamba la kahawa la baba yao huko Tetu na watoto wawili, mmoja akiwa na miaka kama mitano na mwenzake kumi na moja. Kingori ndiye aliyeanza kumsimulia walipokuwa wakichuma kahawa, ili mdogo wake asilie kwa uchovu. Mwiko ulikuwa wa Mami yao. Bata bukini walikuwa wa jirani, na walimfukuza Nyawira siku moja mpaka akapoteza kiatu kimoja kisionekane tena. Aliyeanguka kutoka mti wa makadamia alikuwa Kingori mwenyewe, na tangu hapo mguu wake wa kushoto ulivuta kidogo. Waliapa kwamba Turutumbi angebaki kati yao wawili. Nyawira hakuwahi kumtajia mtu.

Kisha Kingori akawa mkubwa, akaenda Doldol, kaskazini ya Nanyuki, kumwendeshea lori mfanyabiashara wa mifugo. Nyawira alikuwa shule ya bweni baba yao, Mzee Wahome, mzee wa kanisa aliyeheshimika kijiji kizima, alipokuja kumtoa darasani na kumsimamisha kando ya bendera. Malaria imempanda kichwani, alisema. Watu wa huko wamemzika upesi, tumechelewa. Hakukuwa na jeneza wala kaburi. Watu walijaa nyumbani, wakaomba, wakaimba, na Nyawira akaimba nao mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa kama miaka kumi sasa. Baba yao naye alishafariki kwa kisukari.

"Pengine alimwambia mtu kabla hajafa," Zubair alisema.

"Angalia nani ameiweka hapo," Gathoni alisema kwenye simu. Sauti yake ya mzaha ilikuwa imekwisha. "Na ni lini."

Nyawira akasogeza ukurasa chini. Mwenye mhusika alijiita Baba Aaliya. Mhusika alikuwa amerekebishwa wiki iliyopita.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kumwachia mwenyewe ujumbe. Nyawira alifikiria aulize swali ambalo jibu lake halikuandikwa pale juu, swali ambalo mtu aliyesimuliwa tu angelikosea. Akaandika: Mama yake Turutumbi aliitwa nani?

Hawakutarajia kujibiwa siku hiyo. Zubair alikwenda dukani kumhudumia mteja wa mapazia, akarudi na chupa ya chai, akammiminia. Chai ikaota utando juu. Gathoni hakukata simu, na kila walipomtazama alikuwa palepale, kidole mdomoni.

Jibu likaja.

Hakuwa na mama. Tulisahau kumpa. Wewe ni nani?

Nyawira aliangalia neno moja tu. Tulisahau. Akaandika jina lake na namba ya simu, akasimama, akakaa tena. Simu yake ilipolia, aliiacha ilie mpaka Zubair akaichukua mezani na kumwekea mkononi.

"Hallo," sauti ya mwanamume ilisema. Ilikuwa nzito na kali. "Nani huyu anacheza na mimi?"

"Ni mimi."

"Sema kitu ingine."

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote. Sema tu."

Nyawira alifumba macho. "Kingori, mimi niliimba kwa mazishi yako."

Upande wa pili ng'ombe alilia mahali fulani, na upepo ukapiga kwenye simu.

"Mazishi gani?" sauti ikauliza.

Zubair alitoka nje na kufunga mlango wa chumba polepole. Gathoni alikuwa akilia waziwazi bila kujifuta.

Walikutana kesho yake Nanyuki, nyumbani kwa Gathoni, baada ya saa za kanisa. Nyawira alimwambia Mami yake anakwenda kumwona rafiki, na kwa upande mmoja haikuwa uongo. Usingizi haukuwa umempata. Alikuwa amejaribu kumkumbuka ndugu yake uso ukamkatalia, akabaki na picha ya mikono tu, mikono iliyopakaa utomvu wa kahawa.

Alimwona kwa dirisha kabla hajafika langoni. Mtu mrefu aliyevaa kofia nyeupe iliyofumwa, ndevu zimeanza kuota mvi mapema, akivuta mguu wa kushoto. Nyawira alitaka kukimbia amlaki lakini alisimama pale dirishani akishika pazia, akihesabu hatua za mtu aliyekuwa amemlilia kama marehemu, mpaka Gathoni akamfungulia mlango.

Hawakukumbatiana mara moja. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akimtafuta mwenzake ndani ya huyu mgeni. Kingori alinyoosha mkono, akamgusa juu ya sikio, pale ambapo Nyawira ana kovu la utotoni. Ndipo akaketi chini palepale sakafuni, na dada yake akaketi naye.

Gathoni aliwaacha, akajifanya ana kazi nyingi jikoni.

"Ninaitwa Othmani sasa," alisema Kingori baada ya muda. "Lakini wewe niite vile umezoea."

Akamweleza. Huko Doldol alikuwa amempenda Mishi, binti wa mwenye duka aliyekuwa akimuuzia vipuri na mafuta ya gari. Hakuna aliyemlazimisha. Alisilimu kwa hiari yake, wakafunga ndoa, kisha akapiga simu nyumbani kuwaambia, maana hakutaka wasikie kwa watu. Mzee Wahome alifika mwenyewe. Alikataa kuketi na alikataa chai. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Nikifika nyumbani nitawaambia umekufa."

"Nilifikiri ni hasira," Kingori alisema. "Mtu akikasirika si husema hivyo? Sikujua ni kitu anaenda kufanya."

Akilini Nyawira alimwona baba yake kando ya bendera ya shule, koti lake jeusi, mkono wake ukimshika bega kwa huruma. Alikuwa amelia. Machozi yalikuwa ya kweli, Nyawira aliyaona. Sasa hakujua alikuwa akimlilia nani.

"Ulipiga simu tena?"

"Kwa mzee, haikuingia. Nikapigia Mami."

Nyawira aliinua kichwa.

"Mami alishika?"

Kingori alimtazama kwa mshangao, kama kwamba hilo lilikuwa jambo linalojulikana. "Alishika. Alilia sana. Halafu akaniambia nisipige tena. Akasema, baba yako ameshasema, na watu wameshakula. Mimi sikuelewa ni watu gani wamekula nini. Nikauliza, na Nyawira? Akasema, Nyawira amekubali."

"Nimekubali nini?"

"Si ndiyo hiyo. Mimi nilielewa umekubali kunikana. Nikasema kama hata Nyawira amekubali, basi."

Nyawira alikimbilia bafuni, akasimama mbele ya sinki, maji ya bomba yakimwagika bure. Kuambiwa ndugu yake yu hai kulimshtua kama radi, lakini ndani ya radi hiyo kulikuwa na furaha. Hili lilikuwa jingine. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja wiki nzima ya matanga, aliyempapasa mgongo akimwambia alie tu, alikuwa akijua. Kila Krismasi walipomtaja Kingori katika maombi, alikuwa akijua, na alisema amina.

Aliporudi sebuleni Kingori alikuwa amesimama, uso umempauka. Naye alikuwa ameelewa.

"Kwa hivyo ulikuwa unaniomboleza," alisema. "Miaka hii yote."

"Na wewe ulikuwa unanichukia."

"Hapana," alisema upesi. Kisha akaona aseme kweli. "Kidogo. Mwanzoni." Akatoa simu yake na kumwonyesha picha ya msichana mwenye mwanya, amevaa hijabu ya shule, ameshika dadu viganjani. "Huyu ndiye Aaliya. Kuna daktari wa mifugo alitufundisha huu mchezo, na Aaliya akataka mhusika ambaye watoto wengine hawana. Nikamwambia kuna mmoja, lakini nusu yake si yangu."

Mami yao, Wangui, aliuza minji, zile njegere za kijani, na viazi katika soko la Karatina. Siku ya soko iliyofuata Nyawira hakwenda chuoni. Alipita katikati ya mikokoteni na magunia ya kabeji mpaka penye kibanda chake, akamkuta ameketi juu ya kreti, akimenya minji ndani ya karai la bluu huku akiongea na jirani yake kuhusu mvua.

Njiani Nyawira alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yalimpotea.

"Mami," alisema, "Kingori anakusalimia."

Mikono ya Wangui ilisimama. Hakuuliza Kingori gani. Hakumwambia binti yake amerukwa na akili. Punje za minji zilimteleza vidoleni zikaanguka nje ya karai, na hakuzitazama.

"Ako mzima?" aliuliza.

Hilo ndilo lililommaliza Nyawira. Alikuwa bado na tumaini dogo, la kipumbavu, kwamba Kingori alikosea, kwamba simu ile ilishikwa na mtu mwingine.

"Ulijua."

"Keti, mwanangu."

"Siketi. Ulijua."

Jirani aliinuka, akasema anakwenda kutafuta chenji, akaenda. Wangui alijifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kidole kwa kidole.

"Baba yako aliniapisha na Biblia," alisema. "Alirudi usiku wa mvua, akasema, huyo kijana amekufa, na wewe utasema hivyo. Nikamwambia, Baba Kingori, mtoto hafi kwa mdomo. Akaniwekea mkono wangu juu ya Biblia. Asubuhi watu walikuwa wamejaa uani. Ningesema nini?"

"Baba alikufa, Mami. Wewe ulibaki. Nani alikuwa amekushika mdomo?"

Karibu nao mtu alikuwa akipigia debe nyanya kwa sauti ya kukwaruza.

"Wale wanawake wa kanisa," alisema mwishowe. "Walileta unga. Walileta sukari, blanketi, walinitekea maji wiki nzima, walinilaza na kuniamsha. Mama Wamae alikuwa amezika mtoto wake wa kweli mwezi huohuo, na alikuja kunifariji mimi. Alinishika hivi." Akajishika mabega yake mwenyewe. "Ningeenda kumwambia nini? Nilikula chakula ya matanga na mtoto wangu ako hai. Kila mwaka ilikuwa inakuwa ngumu kuliko mwaka ule mwingine."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umeacha kulia. Nikasema, nikimwambia sasa, atanilia mimi kama nimekufa."

Nyawira alimtazama mwanamke huyo mfupi aliyejikunyata juu ya kreti, mwenye shingo iliyokauka kwa jua la sokoni, na kwa mara ya kwanza maishani hakumjua kabisa. Hakuwa na hasira bado. Hasira ilikuja baadaye. Wakati huo alihisi baridi tu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ukuta mmoja haupo.

"Mimi naenda," alisema.

"Nyawira. Ako na watoto?"

Aliondoka bila kumjibu. Lakini alipofika mwisho wa safu ya vibanda alirudi, akasimama mbali kidogo na karai. "Mmoja," alisema. "Msichana." Kisha akaenda kweli.

Jumamosi kundi lilipokutana, hakuna aliyethubutu kutaja programu mpaka Ngatia, aliyekuwa ameikosa ile siku yote na bado hajasimuliwa, alipouliza kwa nini basi bado kuna karatasi mezani.

"Tunachukua ya tatu," Nyawira alisema.

"Hii ya rangi ya uji?" Ngatia alilalamika, akichungulia kompyuta.

"Nyamaza tu," Zubair akamwambia. "Nitakueleza nje."

Simu mbili ziliegemezwa kwenye majora siku hiyo, moja na uso wa Gathoni, nyingine na wa Kingori. Kingori alikataa kucheza kama Turutumbi, akisema huyo ni wa Aaliya sasa, akajitungia mchungaji mzee mwenye ngamia mkaidi. Alicheza vibaya mno. Ngamia wake alimtupa mara ya kwanza tu alipopanda, na Gathoni alicheka mpaka muuguzi mwenzake wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Nyawira alisimulia kwa sauti iliyokuwa ikimkatikakatika. Mara mbili alipoteza alichokuwa anasema, akimsikiliza ndugu yake anavyopumua.

Mami yake alipiga simu mara nyingi mwezi huo na Nyawira hakushika. Hatimaye akaja mwenyewe Nyeri, akamngoja nje ya lango la chuo, amevaa nguo za Jumapili katikati ya wiki.

"Nimewaambia," alisema, hata kabla ya salamu.

"Umewaambia akina nani?"

"Kikundi cha akina mama. Nilisimama baada ya maombi nikawaambia yote." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Wengine waliondoka bila kusema kwaheri. Mama Wamae alibaki peke yake. Nilifikiri atanipiga. Akaniuliza, na umemwona? Nikasema bado. Akasema, mimi wangu nikiambiwa ako mahali, hata kama ni mwisho wa dunia, ningeshafika." Wangui alivuta pumzi. "Nipeleke, Nyawira. Usiponisamehe ni sawa. Nipeleke tu."

Zubair aliwapeleka Doldol kwa gari la baba yake. Nyawira aliketi mbele, Mami yake nyuma na kikapu cha ndizi na viazi mapajani. Baada ya Nanyuki mashamba yaliisha, miti ikawa mifupi, ardhi ikawa nyekundu na wazi, na kila kundi la mbuzi lilipokatiza barabara Wangui alimwangalia mchungaji wake kwa makini, hata akiwa mzee.

Nyumba ya Kingori ilikuwa nyuma ya duka lake la dawa za mifugo. Mishi ndiye aliyewapokea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na aliwakaribisha kwa adabu ileile ambayo angempa mgeni yeyote, si zaidi wala si pungufu. Aaliya alimwamkia bibi yake shikamoo. Wangui, aliyelelewa mlimani ambako neno hilo husomwa shuleni tu, alisahau linajibiwaje, akabaki ameshika mkono wa mtoto huku machozi yakimtoka.

Kingori alisimama mlango wa ndani. Hakusogea.

Wangui hakumkimbilia. Nyawira alimshukuru kwa hilo. Alikwenda katikati ya chumba, akaweka kikapu chini, akasema, "Sikuja kukuambia ni baba yako. Yeye alisema mara moja. Mimi nilisema kila siku."

Kingori alikitazama kikapu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema na mteja, "Karibu. Keti." Akampita, akatoka nje.

Mishi alimvutia Wangui kiti. Wangui aliketi ukingoni, mikono magotini, halafu akauliza kwa unyonge kama kuna kazi yoyote jikoni anayoweza kufanya. Mishi alimtazama, akafikiri, akamletea kisu na beseni, na Wangui akaanza kumenya viazi vyake mwenyewe.

Nyawira alimfuata ndugu yake. Alimkuta uani akifunga mitungi ya maji nyuma ya pikipiki, akivuta kamba na kuilegeza na kuivuta tena. Mgongo wake ulikuwa ukitikisika. Hakumgusa. Alishika ncha ya pili ya kamba, akaibana mpaka fundo likakaza.

"Ameketi?" Kingori aliuliza bila kugeuka.

"Ameketi. Mishi amempa viazi amenye."

Alijifuta uso kwa kiwiko, akapanda pikipiki, akaiwasha. Ilinguruma kidogo kabla hajasema tena.

"Naenda kisimani. Kuna foleni siku hizi, nitakawia," alisema. "Mwambie asiende kabla sijarudi."